Mshipi Usio na Chubwi: Siku Tatu Mto Thiba

Mjomba wangu amevua changu na tewa kwa mshipi tangu kabla sijazaliwa. Siku niliyomwambia naenda Kirinyaga kuvua trauti, samaki wa mito ya baridi ya Mlima Kenya, kwa manyoya ya kuku, alinyamaza, akaimaliza kahawa yake, kisha akauliza, "Kwani huko bara chambo kimekwisha?"

Sikuwa na jibu. Chanzo cha safari alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu, Mkikuyu wa Kutus ambaye kila mwaka kabla mvua za masika hazijaanza hupotea milimani siku mbili tatu na kurudi na harufu ya moshi. Mwaka huu aliniambia, "Shem, wewe unajisifu mvuvi. Njoo basi." Mtu wa Mombasa haambiwi hivyo mara mbili.

Ushauri ulianza kunifikia kwa simu mwezi mzima kabla. Fimbo: namba 4, futi saba na nusu, kwa sababu mito ya Mlima Kenya ni myembamba na miti imeinamia maji, fimbo ndefu itakusumbua. Namba hiyo si urefu, ni uzito wa uzi ambao fimbo inaweza kuubeba, na kadiri namba inavyopanda ndivyo samaki anayekusudiwa anavyokuwa mkubwa. Miwani ya kukata mng'ao wa maji: usije bila hiyo. Nguo za rangi ya majani au udongo, wala si ile fulana yako nyekundu. Na namna ya kurusha: "Fikiria uko ndani ya saa ya ukutani, shem. Fimbo icheze kati ya saa nne na saa saba tu, isipite hapo."

Nikaenda ufukweni Nyali jioni kadhaa na fimbo ya kuazima, nikafanya kama nilivyoambiwa. Uzi ulikuwa ukitua popote utakapo, lakini pwani ni peupe, hakuna kinachokunasa, nikajiona nimeiva.

Nilipanda treni hadi Syokimau, nikalala kwa dada. Asubuhi shemeji akanipeleka kwenye karakana ndogo ya kufungia nzi. Wavuvi wa fimbo wa Kenya humwita hivyo tu, nzi: ndoana iliyovishwa nyuzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu. Nilidhani vitu hivi hutoka Ulaya. Kumbe mambo ni kinyume. Nzi wanaofungwa Kenya husafirishwa Uingereza, Marekani na kwingineko, na Mzungu anayesimama kwenye mto wa Scotland huenda ameshika kazi ya mkono wa mama wa Nairobi.

Mama aliyetuhudumia alikuwa amebana ndoana kwenye jiliwa dogo lililofungwa ukingoni mwa meza. Ndoana yenyewe ilikuwa fupi kuliko punje ya mchele. Aliuzungusha uzi mweusi mara nne tano, akalaza unyoya wa shingo ya jogoo, akauviringisha mpaka vinywele vikasimama pande zote kama miguu ya mdudu, akafunga fundo kwa ncha ya vidole, akakata. Haikuchukua hata dakika mbili. Nikamuuliza kama amewahi kuvua.

"Mimi? Hata kuogelea sijui, baba."

Lakini ndiye aliyenipa ushauri wa kwanza ulionifaa. Nilikuwa nachagua wale warembo, wenye mng'aro wa dhahabu. Akanisogezea kisahani cha wale weusi na wa kahawia wasio na sura. "Hawa wenye rangi huvua watu," alisema. "Samaki anakula hawa. Na ukimwona ameanza kuchakaa usimtupe. Wateja wangu wanasema aliyetafunwa ndiye anayeshika zaidi." Nikanunua kumi na mbili weusi na mmoja wa dhahabu, kwa ajili ya roho yangu.

Matatu ya kituo cha Tea Room ikatutoa mjini Nairobi, Thika, Makutano, kisha tukateremka Mwea. Hapo nilifungua dirisha. Mashamba ya mpunga yamelala maji hadi macho yanapochoka, yangeyange weupe juu ya matuta, wanawake wameinama na watoto wanafukuza ndege. Huu ndio mchele wa pishori tunaoupikia pilau Mombasa tukiudai wetu. Shemeji akaniambia maji yale yanatoka Mto Thiba na Nyamindi, na kwamba kesho tutasimama ndani ya Thiba huo huo, karibu na unakozaliwa. Juu kidogo serikali imejenga bwawa la Thiba, lililozinduliwa mwaka 2022, ili mkulima apate maji hata mvua ikikawia.

Njiani akanisimulia pia trauti walivyofika, maana si samaki wa asili hapa. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyejulikana kwa kutembea kutoka Cape hadi Cairo, alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, na wakawekwa Mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua, ambaye kwao ni Amerika Kaskazini, alifuata baadaye. Leo vifaranga hutoka kituo cha serikali cha Kiganjo, Nyeri. Samaki mkoloni, nilimwambia shemeji. Akasema, "Na chai je?" Tulikuwa tumeshaingia Kianyaga, na chai imefunika kila kilima. Nikafunga mdomo.

Kutoka Kimunye tulipanda bodaboda hadi lango la msitu, tukalipa, tukapewa mwelekezi. Mzee wa miaka sitini hivi, koti la mvua, gamboti zilizotiwa viraka. Nikampa shikamoo yangu ya pwani yenye mkazo wote. Akanitazama, akatabasamu, akajibu, "Sijambo." Shemeji alicheka mpaka akakalia mzigo.

Usiku baridi ilikuwa ya kuuma mifupa. Sitaisimulia.

Asubuhi mzee alitutangulia na panga mkononi, macho chini, anasoma kinyesi cha ndovu kama mtu anavyosoma gazeti. Akigusa kikawa cha moto, tulikuwa tukisimama. Kandokando kuna thabai, ule mmea unaowasha kama moto, na juu kwenye miti mbega wanaruka na mikia yao meupe. Mto wenyewe si mkubwa. Mahali pengine ningeweza kuuruka. Lakini maji yake! Unahesabu kokoto chini. Nikaingiza mguu nikautoa.

"Anza," shemeji akasema.

Nikaanza. Fimbo nyuma, kichakani. Nikaenda kunasua. Fimbo mbele, ikapiga maji kwa kishindo kama mtu anayefua. Nyuma tena, kichakani. Nzi wa pili akabaki kwenye mti ambao mbega pekee ndiye angeweza kumfikia. Mzee akasimama nyuma yangu, mikono kiunoni, akaniuliza nimefundishwa nini. Nikamwambia kwa kujiamini: kati ya saa nne na saa saba. Nikamwonyesha saa yangu ya mkononi, nikaweka kidole kwenye namba 4, nikakipeleka hadi namba 7.

Mzee alikaa kimya kidogo. Kisha akaishika saa yangu. "Saa nne ya asubuhi mshale unakuwa wapi?"

Kwenye 10.

"Na saa saba ya mchana?"

Kwenye 1.

Lo. Mwezi mzima nilikuwa nikilaza fimbo nyuma hadi vichakani na kuishusha mbele hadi majini, kwa sababu nilisoma namba badala ya kusoma saa. Shemeji alisema kama Mswahili yeyote anavyosema saa. Ni mimi niliyefuata Kizungu cha uso wa saa. Alicheka mara ya pili, na safari hii nilimwacha acheke.

Fimbo ikawa sasa inasimama karibu wima nyuma, na mbele inaishia juu ya maji, mwendo mfupi tu. Lakini bado nilikuwa nikiitia nguvu. Kwetu unapotupa mshipi, kinachokwenda ni chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi. Risasi inaruka, uzi unaifuata. Nzi hana uzito wowote, ukimrusha hafiki hata unyayo wako. Uzito wote umo kwenye uzi wenyewe, ule mnene wa rangi ya manjano. Unarusha uzi, na nzi anafuata mwishoni kwenye utepe mwangavu unaokonda hadi kuwa kama unywele. Kwa hiyo lazima uungoje uzi ujinyooshe nyuma yako ndipo uusukume mbele. Ukiharakisha, uzi unalia kama mjeledi na nzi anakatika. Mzee alinishika kiwiko akawa anahesabu kwa Kikikuyu, na kila nilipotaka kusukuma alikuwa akinibana: bado. Bado. Haya.

Mara ya kwanza uzi ulipofunguka mbele yangu na kutua bila sauti, nilisahau kuwa tulikuja kuvua.

Kisha akaniambia nikunje uzi nimfuate. Akainama, akatoa jiwe mtoni, akaligeuza. Chini yake mabuu meusi yalikuwa yamejibana, membamba, yenye mikia, na mengine yamejijengea vijumba vya mchanga. "Hiki ndicho chakula," alisema, akafungua kisanduku changu, akapita wa dhahabu bila kumwangalia, akachukua mweusi mdogo. Koleo lake likaminya kijino cha ndoana kikalala. Nikamwuliza samaki hatachomoka? "Ukilegeza uzi atachomoka. Usilegeze."

Trauti hutazama mkondo unakotoka, anangoja maji yamletee. Kwa hiyo unapanda mto, hushuki, ili umjie kwa nyuma. Na unapiga magoti. Hili hakuna aliyeniambia kwa simu, na kwangu lina thamani kuliko fimbo, miwani na nzi wote kumi na watatu. Tulitambaa nyuma ya jiwe moja kubwa, magoti yakilowa, mpaka mzee akanyoosha kidole. Sikuona kitu. Kisha kivuli kimoja kikasogea kidogo kushoto, kikafungua mdomo mweupe, kikarudi mahali pake.

Nikarusha. Vibaya. Nikarusha tena, nzi akatua hatua mbili juu ya jiwe, akateleza na maji, uzi ukasita kidogo tu, kama mtu aliyesahau neno. "Inua!" Nikainua.

Kwa mtu aliyevuta tewa, samaki wa urefu wa kiganja na nusu si habari. Lakini kwenye uzi mwembamba vile, fimbo ikiwa inatetemeka hadi begani, moyo ulinienda mbio. Ubavuni alikuwa na mstari wa waridi uliopita urefu wote, na madoadoa meusi hadi mkiani. Nikanyoosha mkono, mzee akanizuia: loweka kwanza. Mkono mkavu humbandua ule ute unaomkinga na maradhi. Kisha akasema mrudishe.

Hapo tuligombana. Mimi nimelelewa kwamba riziki ikija unasema Bismillahi. Kumtoboa mdomo kwa burudani kisha kumwacha ajiponye, huo ni mchezo gani? Shemeji akasema mto ni mdogo, tukila kila anayeshikwa mwakani tutakuja kuvua mawe. Kila mmoja ana haki yake, na bado sijakubali yote. Yule wa kwanza nilimrudisha. Wa tatu, mkubwa kidogo, nilimchinjia njaa, tukamkaanga jioni kwa chumvi na limau, tukamla na wali wa Mwea uliopikwa kwa maji ya Thiba.

Motoni tulikuta wengine wawili, na ushauri ukamiminika kama kawaida ya wavuvi, kila mmoja akipinga wa mwenzake. Mmoja anaapa kwa Gura, kwamba kuna trauti wa kahawia wajanja. Mwingine anasema ukitaka ukubwa panda hadi Ziwa Rutundu, juu ya mstari wa miti, ukubali kuganda. Usije Aprili, maji huwa ya matope. Huyo wa pili alikuwa Mtanzania aliyewahi kuongoza mashua Kilombero, kwenye mito ya Mnyera na Ruhudji, ambako wageni huja kutoka dunia nzima kumtafuta kibebe, samaki wa meno kama msumeno. Huko fimbo ni namba 8 au 9, na kabla ya nzi unafunga waya wa chuma, la sivyo anakata na kuondoka na mali yako. Mimi nikawapa ya Watamu, kwetu pwani: sulisuli huvutwa kwanza nyuma ya boti kwa chambo kisicho na ndoana mpaka apandwe na hasira, ndipo nzi mkubwa anatupwa mbele yake. Wakanisikiliza kwa heshima. Kwa dakika kama kumi nilikuwa mvuvi tena.

Nilirudi Mombasa na kilo tano za pishori na nzi saba. Mjomba alikuwa barazani. Aliupokea mchele bila neno, kisha akaomba kuona hiyo fimbo. Akaiunga, akaupitisha uzi kati ya vidole kuanzia mwanzo hadi kwa yule nzi wa dhahabu, akarudi nyuma, akapitisha tena.

"Chubwi iko wapi?"

Nikamwambia ni uzi wenyewe. Akauweka kiganjani, akaupima, akaupima tena. Kisha akasimama, akateremka kibarazani akiwa na fimbo, akawafukuza watoto waliokuwa wakicheza uchochoroni.

"Hebu niambie," alisema. "Saa ngapi?"

"Saa nne hadi saa saba, mjomba."

Akaupeleka mkono nyuma, na uzi ukanasa kwenye kamba ya kuanikia nguo ya jirani.