Nilivyoupanga wasifu wa Corneliu Mănescu bila kumchanganya na Mănescu mwingine

Ushauri wa kwanza niliopewa nilipotaka kuandika kwa Kiswahili juu ya Corneliu Mănescu, waziri wa mambo ya nje wa Romania ya kikomunisti, ulikuwa huu: chukua orodha ya vyeo vyake, ipange kwa miaka, weka nukta, kazi imekwisha. Aliyenishauri bila shaka hajawahi kuandika juu ya kada yeyote wa Ulaya Mashariki. Kada wa Romania wa enzi zile alikuwa na ngazi mbili za kupanda, ya chama na ya serikali, na hazikwenda sambamba. Ukiifuata moja tu utapata picha ya mtu mkubwa kuliko alivyokuwa, au mdogo kuliko alivyokuwa.

Mifupa ya maisha yake haina ubishi. Alizaliwa Ploiești mwaka 1916, akasoma sheria Bucharest, akaingia chama cha kikomunisti mwaka 1936 wakati chama kimepigwa marufuku. Baada ya vita alivaa gwanda na kufikia unaibu waziri wa majeshi. Mwaka 1960 akapelekwa Budapest kuwa balozi, mwaka uliofuata akarudishwa kuwa waziri wa mambo ya nje, akakaa hapo mpaka 1972. Kuanzia 1977 hadi 1982 alikuwa balozi Paris. Machi 1989 alitia saini barua ya wazee sita wa chama dhidi ya Nicolae Ceaușescu, mtawala wa Romania. Alifariki Juni 2000. Hayo unayapata kwa bando dogo tu la intaneti na subira ya jioni moja. Kazi iko kwingine.

Kazi ni Manea Mănescu. Huyu naye alizaliwa 1916, ila Brăila, na naye alikuwa kada wa juu. Sasa tazama jinsi mtego ulivyotegwa. Corneliu anatoka uwaziri wa mambo ya nje Oktoba 1972. Machi 1974 Romania inapata waziri mkuu mpya, jina lake Mănescu, umri uleule, chama kilekile. Anayesoma jina la ukoo peke yake anaona mambo yananyooka vizuri kabisa: waziri wa mambo ya nje kapumzika kidogo, kapandishwa kuwa waziri mkuu, kakaa mpaka 1979. Orodha moja niliyopewa iwe msingi wa kazi ilikuwa na "wasifu" wa namna hiyohiyo, na ilikuwa imenakiliwa mara nyingi kiasi kwamba ilishaonekana ukweli.

Niliipima kwa tarehe mbili, na nawashauri mfanye hivyohivyo kwa kada yeyote mwenye jina la kawaida. Ya kwanza ni 1977. Corneliu mwaka huo yuko Paris kama balozi, na waziri mkuu aliyeko madarakani hapelekwi kuwa balozi huku bado anaongoza baraza la mawaziri. Hapo orodha ilishaanza kuvuja. Ya pili ndiyo niliyoifurahia. Tarehe 22 Desemba 1989 helikopta iliruka kutoka paa la jengo la Kamati Kuu mjini Bucharest, ndani wakiwa Ceaușescu, mkewe Elena, Emil Bobu na Manea Mănescu. Ikatua Snagov, Bobu na Mănescu wakaachwa hapo, wenye nchi wakaendelea. Yaani orodha ile ilimtaka mtu aliyemwandikia Ceaușescu barua ya kumshutumu mwezi Machi, akawekwa chini ya ulinzi nyumbani kwake kwa sababu hiyo, awe ndiye huyohuyo aliyebanana naye kwenye helikopta Desemba. Niliifunga orodha, nikaanza upya kwa jina kamili pamoja na cheo kila nilipotafuta. Dawa ni hiyo: usitafute "Mănescu 1974", tafuta jina zima na "ministrul afacerilor externe", yaani waziri wa mambo ya nje.

Halafu kuna herufi. Kiromania kina ă, â, î, ș na ț. Hizo mbili za mwisho zina mkato mdogo chini, lakini kurasa nyingi za zamani zimetumia ş (ile ya Kituruki) na ţ zenye ndoano, kwa sababu kompyuta za wakati ule hazikuwa na zile halisi. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa mashine ni herufi mbili tofauti. Hifadhi zenye injini dhaifu ya utafutaji zitakujibu "hakuna" wakati faili limejaa. Mimi niliweka kwenye simu ujumbe mfupi wenye herufi zote za aina mbili, nikawa nanakili na kubandika. Tena tahajia ilibadilishwa 1953, ikarekebishwa 1965, ikabadilishwa tena 1993. Gazeti la chama utalikuta Scînteia kwenye nakala za wakati ule na Scânteia kwenye maandishi ya sasa. Mzee Pîrvulescu, mmoja wa wale sita wa barua, ndiye Pârvulescu. Tafuta zote mbili. Na kwenye nyaraka za Marekani za miaka ya 1960 nchi yenyewe imeandikwa Rumania, kwa hiyo ukiandika Romania peke yake unapitwa na nusu ya mali.

Majina ya chama na nchi nayo yalinichosha kuona watu wakiyakoroga. Tangu Februari 1948 mpaka Julai 1965 chama kiliitwa Chama cha Wafanyakazi cha Romania, kifupi PMR. Mkutano mkuu wa tisa, 1965, ndio uliorudisha jina la Chama cha Kikomunisti, PCR. Agosti ya mwaka huohuo nchi ikaacha kuwa Jamhuri ya Watu, ikawa Jamhuri ya Kisoshalisti. Mănescu aliingia uwaziri chini ya majina ya kwanza na akatoka chini ya majina ya pili. Kwenye faharasa za hifadhi hayo ni makabati mawili.

Kwa msomaji wa Tanzania kuna jambo la kuangalia zaidi. Kamati Kuu tunayoijua sisi ni chombo kidogo cha juu. Ya Romania ilikuwa mkusanyiko mpana wa makada, na juu yake kuanzia 1965 kulikuwa na Kamati Tendaji, na juu kabisa Presidiumu ya Kudumu yenye watu saba: Ceaușescu, Chivu Stoica, Maurer, Apostol, Bârlădeanu, Bodnăraș na Drăghici. Waziri wa mambo ya nje hayumo. Ndiyo maana nasema ukisoma vyeo vya serikali tu unampa Mănescu uzito usio wake. Sera ya nje ilipikwa na Ceaușescu pamoja na Maurer, ambaye alikuwa waziri mkuu tangu 1961 na aliwahi kukalia kiti hichohicho cha mambo ya nje mwishoni mwa miaka ya 1950. Mănescu alikuwa mpakuaji, na alipakua kwa ustadi mkubwa: uhusiano wa kibalozi na Ujerumani Magharibi Januari 1967, mbele ya wenzao wote wa Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi wa nchi za kikomunisti za Ulaya Mashariki, ukiacha Moscow yenyewe, kisha Juni mwaka huo Romania ikabaki peke yake katika kundi hilo bila kuvunja uhusiano na Israeli.

Sehemu ya Umoja wa Mataifa ndiyo rahisi kuliko zote ukijua namba zinavyosomwa. Wengi wanaandika kwamba Mănescu alikuwa "rais wa Baraza Kuu mwaka 1967" na kuondoka. Kikao cha 22 kilifunguliwa 19 Septemba 1967, kikaahirishwa 19 Desemba, kikarudi 24 Aprili hadi 12 Juni 1968, na kikafungwa rasmi 23 Septemba 1968. Maana yake, majeshi ya Mkataba wa Warsaw yalipoingia Czechoslovakia usiku wa 20 kuamkia 21 Agosti 1968, na Romania ikakataa kushiriki, kikao alichokuwa akikiongoza waziri wake kilikuwa bado hakijafungwa. Hilo hulioni ukiandika 1967 peke yake. Alikuwa rais wa kwanza wa Baraza hilo kutoka nchi ya kikomunisti. Salim Ahmed Salim alikuja kukalia kiti hicho kikao cha 34, mwaka 1979.

Maazimio ya zama hizo yana namba ya mfululizo na namba ya kikao kwa Kirumi kwenye mabano, mfano 2372 (XXII). Mtindo wa 31/1 ulianza kikao cha 31, mwaka 1976. Ukiandika 22/2372 kwenye maktaba ya Umoja wa Mataifa hupati kitu, na nimeona watu wanakata tamaa hapo hapo. Hilo 2372 la 12 Juni 1968 ndilo lililotamka kwamba Afrika ya Kusini Magharibi iitwe Namibia. Linalofuata, 2373, siku hiyohiyo, liliupitisha mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia. Viweke kwenye wasifu, lakini usiandike kwamba "alileta" chochote kati ya hivyo. Rais anaongoza kikao na kugonga nyundo. Hoja zilikuwa za watu wengine.

Kuhusu mazungumzo yake na Dean Rusk, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, New York, Oktoba 1963, kuwa makini na aina ya ushahidi. Mănescu aliomba kuonana faragha na kumweleza kwamba Romania haikushauriwa juu ya makombora ya Kisovieti yaliyopelekwa Cuba 1962 na haingejiingiza katika vita vya nyuklia vilivyoanzishwa kwa namna hiyo. Habari hii ilijulikana hadharani 1995, kupitia mwanadiplomasia wa zamani wa Marekani Raymond Garthoff, aliyeipata kwa Rusk. Kwa hiyo ni simulizi ya Rusk, na ndivyo niliandika: "kwa mujibu wa Rusk". Anayekutaka uiweke kama kumbukumbu ya mkutano, mwambie akuletee kumbukumbu hiyo.

Vyeo vya kibalozi navyo vina ngazi. Silviu Brucan, mwenzake kwenye barua ya 1989, hutajwa kila mahali kuwa alikuwa balozi wa Romania Washington nusu ya pili ya miaka ya 1950. Washington na Bucharest zilipandisha ofisi zao kuwa ubalozi kamili mwaka 1964 tu. Kabla ya hapo mkuu wa ofisi alikuwa na hadhi ya waziri wa kibalozi, cheo cha chini ya balozi. Tarehe pia: amri ya uteuzi ina siku yake, kukabidhi hati za utambulisho kuna siku yake, na katikati zinaweza kupita wiki nyingi. Chagua moja uishike mwanzo hadi mwisho.

Barua yenyewe nimeipa aya ndefu kuliko uwaziri, na sijutii. Waliotia saini ni Apostol, Bârlădeanu, Brucan, Mănescu, Pârvulescu na Răceanu. Rudi kwenye ile orodha ya saba ya 1965 uone: wawili wao walikuwa humo. Apostol aliwahi kuwa katibu wa kwanza wa chama. Pârvulescu alikuwamo chama kilipoanzishwa 1921, na mwaka 1979 alisimama mkutanoni kumpinga Ceaușescu uso kwa uso. Idhaa za nje, BBC ikiwemo, ndizo zilizoisoma barua hiyo hewani.

Kwa atakayeendeleza upande wa Afrika: Ceaușescu alizunguka bara hili Machi na Aprili 1972, Tanzania ikiwemo, Mănescu akiwa bado waziri. Usimpandishe kwenye ndege kabla hujasoma orodha ya msafara kwenye Scînteia ya siku ya kuondoka. Nakala zake zilizopigwa picha zinapatikana bure kwenye tovuti ya maktaba ya mji wa Deva, Romania. Na ukienda maktaba Dar es Salaam usiombe Daily News ya wiki hizo, maana ilianza mwishoni mwa Aprili 1972 baada ya The Standard na The Nationalist kuunganishwa. Omba hayo mawili, na Uhuru.