Thimidini inapotudanganya

Kwa miongo mingi usanisi (utengenezaji) wa DNA katika seli za mamalia umepimwa kwa kuzipa seli thimidini, mojawapo ya malighafi za DNA, yenye tritiamu (hidrojeni nururifu), kisha kuhesabu unururifu uliobaki ndani ya DNA. Kwa kuwa thimidini haitumiki kujenga RNA, mpimaji hudhani kwamba anachohesabu ni DNA mpya, na dhana hiyo hunitia shaka kila ninaposoma makala inayotegemea kipimo hicho peke yake.

Seli hupata malighafi hiyo kwa njia mbili: hujitengenezea yenyewe kwa kimeng'enya kiitwacho thimidileti sinthasi, au huokota thimidini iliyo nje na kuitia fosfati kwa thimidini kinasi. Kipimo huona njia ya pili tu, mfano wa karani wa ghala lenye milango miwili anayehesabu magunia ya mlango mmoja. Ndiyo maana fluorourasili, dawa ya saratani inayoziba njia ya kwanza, huweza kupandisha unururifu ilhali usanisi wenyewe umeshuka.

Kinyume chake pia hutokea. Katika miaka ya 1970 ilionekana kwamba kimiminika kilichokuziwa makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) huzuia limfositi, aina ya seli nyeupe za damu, kugawanyika, na watu wakaanza kutafuta kizuizi cha kinga. Sehemu kubwa ya athari hiyo ilitokana na thimidini ya kawaida iliyomwagwa na makrofaji zenyewe, ambayo ilizimua ile yenye tritiamu.

Mdanganyifu ninayemwogopa zaidi ni maikoplazma. Bakteria huyu hana ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haimdhuru. Hupenya vichujio vya mikromita 0.22, na mara nyingi hachafui rangi ya kimiminika cha kukuzia seli. Aina kadhaa zina kimeng'enya kinachovunja thimidini kuwa thimini, ambayo seli za mamalia karibu hazina matumizi nayo. Unururifu huporomoka, na mtafiti huandika kwamba dawa yake imesimamisha usanisi, hali seli zinaendelea kugawanyika kama kawaida.

Tritiamu yenyewe nayo si mtazamaji tu: chembe zake za beta (elektroni inazotoa) husafiri takriban mikromita moja, hivyo nishati yake huishia ndani ya kiini na huweza kusimamisha mzunguko wa seli.

Wengine hudhani kwamba BrdU, au EdU iliyokuja mwaka 2008, ambazo ni vibadala vya thimidini, imemaliza tatizo. Imeondoa unururifu, lakini zote mbili hupitia thimidini kinasi ileile. Kwa hiyo bado naomba idadi ya seli zenyewe iwekwe kando ya grafu, pamoja na jibu la kipimo cha maikoplazma.