Kunuti Kando ya Mekong

Januari 2016 nilikuwa nimekwisha kusafiri karibu wiki tatu, na muda wote huo nilisali peke yangu. Nilisali vyumbani kwenye nyumba za wageni, na mara moja juu ya mchanga wa Pakbeng, Laos, pale mashua ya siku mbili iendayo Luang Prabang inapolala. Sijawahi kukaa muda mrefu hivyo bila jamaa ya kusali nayo. Kwetu Pangani huwezi kukosa mtu wa kusimama kando yako.

Nilitaka kuufuata mto Mekong kwa chombo cha majini kila palipowezekana. Mto huo una urefu unaozidi kilomita 4,300. Hutoka nyanda za juu za Tibet, hupita China, hugusa Myanmar, Laos na Thailand, huingia Kambodia, na humwaga maji yake baharini Vietnam. Mimi niliupokea Chiang Khong, Thailand. Kusini mwa Laos, kwenye maporomoko ya Khone, ilibidi niuache mto nipande basi. Wafaransa nao walikwama hapo hapo: walitaka mto uwe njia ya meli hadi China, wakaishia kujenga reli fupi visiwani ili kuvusha mizigo, na boti zenyewe pia. Phnom Penh nililala usiku mmoja tu, asubuhi nikapanda boti ya kwenda Chau Doc, mji wa Vietnam ulio karibu na mpaka.

Chau Doc nyumba nyingi huelea juu ya mapipa matupu, na chini ya sakafu mna vizimba vya samaki. Mwenye nyumba hufungua mlango mdogo sebuleni, akatupa chakula, na maji yakachemka kwa samaki. Nilikuwa nimesimama ukingoni nikiyatazama hayo jua likizama, mara nikasikia adhana. Ilitoka ng'ambo, ikaja juu ya maji, sauti ya mtu mzima isiyo na haraka. Nilishika reli ya gati kwa mikono miwili.

Usiku ule sikulala vizuri. Kabla ya saa kumi na moja alfajiri nikajifunga kikoi, nikavaa kofia, nikashuka kwenye pantoni ya kuvukia Chau Giang, ng'ambo ilikotoka adhana. Haikuwa na tofauti kubwa na ile ya kwetu ya kwenda Bweni: pikipiki, matenga ya mboga, wanawake wenye usingizi.

Msikitini wanaume walikuwa wamevaa shuka za kiunoni na kofia nyeupe. Mmoja alikitazama kikoi changu, akaitazama shuka yake, akasogea kunipa nafasi kwenye safu. Imamu akasoma taratibu. Rakaa ya pili, alipoinuka kutoka kwenye rukuu, hakushuka kusujudu. Aliinua mikono: *Allahumma ihdina fiman hadayt.*

Kunuti, dua ya sala ya alfajiri! Nimesali alfajiri katika misikiti mingi ya ugenini ambayo haisomi kunuti, na kila mara moyo wangu huisubiri. Hawa walikuwa wa madhehebu ya Shafii kama sisi. Niliitikia amin sauti ikikatika, na machozi yakanishuka nikayaacha.

Baada ya sala mzee aliyekuwa kando yangu akanishika mkono hadi kwake, nyumba ya mbao juu ya nguzo ndefu kwa ajili ya mafuriko. Mjukuu wake alijua Kiingereza kidogo, akawa mkalimani. Hawa ni Wacham. Wazee wao walikuwa na ufalme wa Champa kwenye pwani ya kati ya Vietnam ya leo. Mji wao mkuu, Vijaya, ulitekwa na Wavietnam mwaka 1471, wengi wakakimbilia Kambodia, na wengine baadaye wakateremka hadi hapa. Mke wa mzee alizaliwa upande wa Kambodia. Alivuka akiwa msichana, zama za Khmer Rouge, wakomunisti walioitawala Kambodia kati ya 1975 na 1979, misikiti ilipobomolewa na watu wakauawa kwa dini yao. Alilisema hilo kwa maneno machache, akaenda kuongeza chai. Sikumwuliza zaidi.

Mjukuu alipotoka kwenda shule, tulibaki na maneno tu. Mzee alikuwa amesoma vitabu vya dini kwa Kimalayu. Akasema *dunia*. Nikasema dunia. Akasema *waktu*, nikasema wakati. *Khabar*, habari. *Kitab*, kitabu. Kila neno lilipopatana alipiga goti lake kwa kiganja. Kisha akaonyesha mto, akasema neno la Kicham ambalo sikulijua. Nikamwambia: mto. Akalirudia mara tatu.

Basi langu la Can Tho liliondoka saa mbili bila mimi. Nilikuwa chini ya nyumba, kwenye kivuli, nikiwatazama wanawake wakifuma vitambaa.

Adhuhuri tulirudi msikitini mapema. Mzee akazungumza na muadhini, naye akanisogezea kipaza sauti. Nikaadhini kwa mahadhi ya Pangani, kama baba alivyonifundisha, uso wangu ukielekea kibla na mgongo wangu jasho tupu, sauti ikivuka kwenda kwenye gati lile nilikokuwa nimesimama jana.