Embe tunakula sote, tawi akate nani?

Masika ya mwaka huu tawi la muembe wetu lilianguka usiku juu ya paa la jirani, bati mbili zikakunjika na mfuniko wa simtangi ukapasuka, alhamdulillah watoto walilala chumba cha upande wa pili. Sisi tupo Wete, Pemba, nyumba zimebanana, ukuta wetu na wake hatua mbili tu. Na kinachoniuma mpaka leo ni kuwa yule mama alishatwambia. Alikuja kabla ya Ramadhani, akaja tena baada ya Iddi, taratibu tu, "wanangu lile tawi naliogopa", na sisi tukamjibu inshaallah tutalikata.

Sasa kwanini hatukulikata. Muembe ule kaupanda babu, na babu kafariki kaacha watoto saba, wengine wapo Unguja, mmoja Dar, mmoja Maskati. Kwetu huku mti na ardhi vitu viwili, ardhi tokea baada ya Mapinduzi ya 1964 ni ya serikali lkn muembe una mwenyewe, unarithiwa na unauzwa peke yake bila kiwanja. Kwa hiyo wetu una wenyewe saba, na ukifika msimu, Disemba hivi, simu haziishi, embe boribo zangu ziko wapi, zinatiwa kwenye mapolo zinapakiwa boti. Lkn nilipoandika kwenye gurupu la familia kuwa anatakiwa fundi mwenye msumeno na kamba, tuchange kidogo kidogo, kimyaaa. Ami mmoja tu ndo alojibu, tawi lishaingia kwake, akate yeye.

Hilo neno la ami nimelisikia kwa watu wengi na mimi nasema sikubali. Nilimuuliza ustadhi wetu akanambia kwa madhehebu ya Shafii tawi likivuka likaingia kwenye hewa ya jirani, mwenye mti ndo anaambiwa aliondoe, akikataa hapo jirani ana haki alipinde kama linapindika, kama halipindiki alikate. Yani kazi ni ya mwenye mti toka mwanzo. Hata Uingereza kuna kesi ya 1894, Lemmon na Webb, mahakama ilisema jirani anaweza kukata kilichovuka hata bila kutoa taarifa, maadamu haingii kwa mwenzake, na kwa sheria yao hayo matawi yakishakatwa yanabaki mali ya mwenye mti. Hilo la bila taarifa mimi silipendi, huku kwetu mtu akiamka na panga bila kusema neno mnaweza msialikane harusi miaka kumi.

Halafu tumfikirie na yule mama. Mjane, muembe mrefu kupita nyumba yake mara tatu, amlipe nani apande? Na tawi lenyewe limepita karibu na waya wa umeme, hapo hata fundi hapandi mpaka shirika la umeme waje wazime, ni safari za kwenda na kurudi, mtu mzima unamtuma hayo kwa mti ambao hata kokwa la embe hapati?

Bati tumenunua mimi na dada yangu, na mfuniko pia. Mvua zilipokata umeme ukazimwa, fundi akapanda, akayashusha matawi kwa kamba moja moja, upande wote wa kwa jirani ukawa mweupe. Kuni tukamwachia mama kwa ridhaa yetu, nikaenda kumuomba radhi, akanambia yashapita mwanangu, na mimi bado naona haya kupita mlangoni kwake.

Hesabu yote nimeiweka kwenye gurupu, bati, mfuniko, fundi, gawa kwa saba. Watatu washatuma. Ami bado, na nimemwambia kwa heshima zote kuwa polo lake la boribo msimu huu halipandi boti mpaka atume.