Fungu moja kwanza: nilivyoyamudu mafumbo ya uwiano

Nilipojiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nilikuwa nimeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, kwa miaka kadhaa, na sikutarajia kwamba mafumbo ya uwiano yangenisumbua, kwa kuwa bei ya nusu gunia au ya robo niliitaja bila kalamu.

Fumbo lililonikwamisha lilisema hivi: baada ya kutoa gharama za mafuta, shilingi 240,000 zigawanywe kati ya mwenye mtumbwi na wavuvi wake kwa uwiano wa 5:3, wavuvi watapata kiasi gani? Nilichukua tatu ya tano ya fedha hizo, nikapata 144,000, nikaridhika. Jioni, nilipolirudia jibu langu, niliona kwamba mwenye mtumbwi angebaki na 96,000, yaani mwenye sehemu tano apate pungufu kuliko wenye sehemu tatu. Hilo haliwezekani.

Nilichokosa kilikuwa mbele yangu sokoni kila siku: fungu. Nilipanga mafungu matano ya dagaa upande mmoja na matatu upande wa pili, nikahesabu yote, yakawa manane. Kumbe tatu ya wavuvi hailinganishwi na tano ya tajiri wao pale tunapogawa mali yote, bali na nane. Fungu moja ni 240,000 kugawa kwa 8, yaani 30,000. Wavuvi wanapata 90,000, mwenye mtumbwi 150,000, na jumla inarudi ilikotoka. Tangu hapo sigusi fumbo la kugawana kabla ya kupata thamani ya fungu moja.

Mafumbo ya kazi na muda yanahitaji tahadhari nyingine. Ikiwa wanawake 6 huanika dagaa kwa saa 4, wanawake 8 wenye kasi ileile watatumia saa 3, kwa sababu kazi yote ni saa 24 za mtu mmoja. Huandika kwanza kwa maneno kama jibu litapanda au litashuka, ndipo nikokotoe.

Yaliyonichelewesha zaidi ni yale yanayoficha jumla, yakieleza tu kwamba mwenye mtumbwi aliwazidi wavuvi kwa 60,000 kwa uwiano uleule wa 5:3. Hapo tofauti ni mafungu mawili, hivyo fungu moja ni 30,000, na jumla iliyofichwa ni 240,000.