Nafasi iliyo kati ya kingo mbili

Ukisema unatumia kamera ya panorama, anayekusikiliza huanza kufikiria milima, bahari na machweo. Mimi nimeishi na kamera hii kwa muda wa kutosha kuamini kwamba huko siko inakofaa zaidi. Mandhari ya mbali yakipigwa kwa fremu ndefu mara nyingi hugeuka utepe: mbingu juu, ardhi chini, mstari katikati, na jicho halina pa kutua. Uwezo wa kamera hii huonekana pale vitu vinapokuwa mita chache tu kutoka kwa mpiga picha, na pale panapokuwa na jambo fulani linaloendelea kati ya kilichopo kushoto na kilichopo kulia. Nafasi hiyo ya kati ndiyo ninayotaka kuiandikia leo, kwa kuwa ndiyo inayonifanya niendelee kubeba chuma kizito begani wakati simu iko mfukoni.

Kamera yenyewe ni Hasselblad XPan ya toleo la kwanza. Ilitoka mwaka 1998, na ingawa ina jina la kampuni ya Uswidi, ilitengenezwa na Fujifilm huko Japani, ambako iliuzwa kwa jina la TX-1. Toleo la pili lilifuata mwaka 2003, na uzalishaji ukakoma mwaka 2006, mwaka uleule ambao Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia madini ya risasi katika vifaa vya elektroniki. Hutumia filamu ya kawaida ya milimita 35, ileile inayoingia kwenye kamera nyingi za zamani, lakini fremu yake ina upana wa milimita 65 badala ya 36, huku kimo kikibaki 24. Ipo swichi ya kurudi kwenye fremu ya kawaida wakati wowote, hata katikati ya filamu, na kamera hupanga yenyewe nafasi ili picha zisipandane. Swichi hiyo siigusi. Ukishaanza kufikiri kwa upana, kurudi kwenye fremu fupi kwa picha moja kisha kuendelea na ndefu ni kujichanganya bure.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nisipige picha ya kawaida kisha nikaikata juu na chini. Jibu moja ni la hesabu: fremu ya kawaida yenye upana wa milimita 36, ikikatwa kwa uwiano huohuo, hubaki na kimo cha milimita 13 na ushei, yaani eneo la filamu ambalo halifiki hata theluthi moja ya lile la panorama. Ukiikuza picha hiyo ukutani, chembechembe za filamu ndizo zitakazomlaki mtazamaji. Jibu la pili ni la lenzi, na ndilo ninalolipenda zaidi. Kadiri namba ya milimita ya lenzi inavyopungua ndivyo lenzi inavyoona pana zaidi; kwenye fremu hii ndefu lenzi ya milimita 45 huona upana ambao kwenye fremu ya kawaida ungehitaji lenzi ya milimita 25 hivi, lakini inabaki kuwa lenzi ya milimita 45 katika mambo mengine yote. Kina cha fokasi yake, yaani eneo la mbele hadi nyuma linalotoka kali, ni kifupi zaidi. Mtu aliyesimama mita moja na nusu mbele yangu, nikifungua tundu la lenzi hadi f/4, yaani wazi kabisa, hujitenga na ukuta ulio nyuma yake kwa ulaini ambao lenzi pana ya kawaida huupata kwa shida. Kwa upande mwingine, uzembe wa kulenga unaosamehewa na lenzi pana hapa hausamehewi. Hata kwenye f/11, tundu likiwa dogo, ukilenga mita sita, ukali unaoridhisha unaanzia kwenye mita tatu hivi, si kwenye vidole vya miguu yako.

Panorama ya simu ni jambo jingine kabisa. Simu hukusanya vipande kadiri unavyoizungusha, kwa hiyo upande wa kushoto wa picha ni wa sekunde kadhaa kabla ya upande wa kulia, na mtu akipita katikati hutokea amekatwa kiwiliwili au ana miguu mitatu. Zipo pia kamera za filamu ambazo lenzi yake huzunguka, kama Widelux, ambazo huchora fremu kwa kufagia mwanga kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hizo hupinda mistari iliyonyooka, na ukingo wa barabara ulio mbele yako hutoka umejikunja. Wapo wanaoupenda mpindo huo, na sina ugomvi nao. XPan haizunguki. Picha yote ni ya nukta moja ya wakati, na mstari ulionyooka hubaki umenyooka. Gharama yake huonekana pembeni, ambako vitu hunyooshwa kwenda nje, hasa kwa lenzi ya milimita 30, kiasi kwamba uso wa mtu ukiwekwa ukingoni hunenepa kwa namna ambayo mwenyewe hatakushukuru.

Kuweka filamu ni kipindi kidogo cha furaha kwangu. Ukifunga mgongo wa kamera, mota huanza kunguruma na kuivuta filamu yote kutoka kwenye kopo lake kabla hujapiga picha hata moja, kama mvuvi anayemwaga wavu wote majini ndipo aanze kuuvuta. Kila picha inayopigwa hurudi ndani ya kopo, na kihesabio huhesabu kuteremka: filamu ya picha 36 hutoa picha 21 za panorama, na namba unayoiona ni ya zilizobaki. Mgongo ukifunguka kwa bahati mbaya, zilizokwisha kupigwa zimo salama gizani. Ila kuna athari ya pili ambayo hakuna kijitabu cha maelekezo kinachoitaja. Kuona namba ikipungua humfanya mtu awe bahili. Nikifika saba au sita huanza kutazama mara mbili, na picha nyingi nilizozihifadhi zimetoka katika sehemu hiyo ya mwisho ya filamu.

Kuhusu kulenga: hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia dirisha dogo lililo juu yake, na katikati ya dirisha hilo kuna kiraka cha mwanga ambamo kitu unachokilenga huonekana mara mbili. Unazungusha pete ya lenzi hadi taswira hizo mbili zikutane na kuwa moja. Kwa mtu aliyezoea kamera za kioo, ambazo hutazamwa kupitia lenzi yenyewe, hili huonekana kama usumbufu, lakini kwenye fremu ndefu lina faida kubwa: dirishani kila kitu ni kikali wakati wote, cha mbele na cha nyuma, kushoto na kulia. Jicho halivutwi na sehemu moja iliyolengwa na kusahau nyingine. Unaweza kuanzia ukingo wa kushoto ukasoma hadi wa kulia jinsi unavyosoma mstari wa maandishi, na kugundua kwamba theluthi nzima ya picha haina kazi yoyote.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Fremu ya kawaida humtaka mpiga picha apate kitu cha kupiga. Fremu hii inamtaka apate vitu viwili, na sababu ya kuviweka pamoja. Mfano ninaourudia kichwani ni picha niliyopiga kwenye jukwaa la kusubiria treni. Upande wa kushoto wa benchi refu alikuwa ameketi mzee amelala, kofia imeshuka hadi puani, mkono mmoja ukiwa umepitishwa kwenye mkanda wa begi lake ili lisichukuliwe. Upande wa kulia, mbali naye kabisa, msichana alikuwa amevua kiatu kimoja na kukikung'uta kwa utulivu mkubwa, akitafuta kijiwe. Kati yao palikuwa na ukuta uliobanduka rangi, na hakukuwa na kitu kingine. Kwa kamera ya kawaida ningelazimika kuchagua mmoja wao, au kurudi nyuma hadi wote wawili wawe wadogo na nusu ya picha iwe dari na sakafu. Hapa ule ukuta mtupu ulikuja kuwa sehemu nzito kuliko zote, kwa sababu ndio unaopima umbali kati ya watu wawili ambao hakuna anayejua kwamba yuko picha moja na mwenzake. Nilitumia lenzi ya milimita 90, ambayo mistari ya fremu yake huacha nafasi kubwa dirishani, hivyo nilimwona mapema mpagazi aliyekuwa akija na mkokoteni kutoka kulia na nikafyatua kabla hajaingia. Angekuwemo, nadhani picha ingekufa. Ingekuwa na watu watatu na habari moja: mkokoteni.

Tangu hapo nimekuwa mwepesi zaidi wa kuacha katikati pawe wazi, na mzito zaidi wa kuridhika na kingo. Ukingo wa fremu ndefu uko mbali sana na mwenzake kiasi kwamba mtazamaji huufikia akiwa ameshapumzika njiani. Akikuta huko nusu ya kiwiko au tairi lililokatwa bila sababu, safari yote huharibika. Basi kabla ya kufyatua hutazama pembe zote nne, kisha hutazama mstari wa upeo wa macho. Kosa la nyuzi moja kwenye picha ya kawaida huenda lisionekane na mtu yeyote, lakini kwenye upana huu upande mmoja wa bahari huonekana unamwagika. Nimechomeka pimamaji dogo juu ya kamera na sioni aibu kulitumia.

Mwanga una tabia zake. Lenzi ya milimita 45 hutoa kingo nyeusi kuliko katikati, kwa kuwa mwanga unaofika pembeni huingia kwa mshazari na kupungua njiani. Kuna chujio maalumu lenye kivuli katikati ambalo husawazisha jambo hilo, nalo hula stopu moja hivi ya mwanga, yaani nusu yake. Kwa slaidi, yaani filamu inayotoa picha yenye rangi halisi moja kwa moja, ambazo hazina huruma, nalifunga kwenye lenzi. Kwa filamu ya negativu nikiwa kwenye f/8 au zaidi naliacha, kwa sababu giza kidogo la kingoni hurudisha jicho ndani. Chujio la polaraizi, lile linalokoleza buluu ya anga, nalo nimeliweka kando kabisa: hufanya kazi kwa nguvu zaidi kwenye sehemu ya anga iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua, na fremu pana kiasi hiki huchukua sehemu inayoguswa na isiyoguswa kwa pamoja, hivyo anga hutoka na doa la buluu nzito upande mmoja. Toleo hili la kwanza halionyeshi dirishani kasi iliyochaguliwa ya shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kufika kwenye filamu. Kuna alama tu za kusema mwanga umezidi, umetosha au umepungua. Nimeacha mtindo wa otomatiki kwa ajili hiyo. Naweka kasi na tundu kwa mkono nikiwa bado natembea, na nikifika mahali nabaki na kulenga tu.

Baada ya kupiga, kazi huhamia kwa watu wengine, na hapo panahitaji maneno machache yaliyo wazi. Filamu husafishwa kama filamu nyingine yoyote, lakini mashine ya kukata haijui kwamba fremu zako ni ndefu; ikiachiwa, itapitisha kisu katikati ya picha. Naandika kwa herufi kubwa juu ya kopo kwamba filamu isafishwe tu, isikatwe, kisha nalirudia kwa mdomo. Skana nyingi za filamu ya milimita 35 nazo zina kishikio kilichopangwa kwa fremu ya kawaida, kwa hiyo ni ama kuskani nusu mbili na kuziunga, ama kutumia kishikio cha filamu kubwa. Mimi huchagua la pili. Anayechapa gizani kwa mkono anahitaji mashine ya kukuzia ya filamu kubwa, kwa kuwa ile ya milimita 35 haiwezi kumulika upana wote.

Tatizo ambalo sijalitatua ni la kuonyesha. Kwenye simu picha hizi huwa nyembamba kama rula, na mzee wa benchini hawezi kuonekana kwamba amepitisha mkono kwenye mkanda wa begi. Zikichapwa kwa upana wa sentimita 65 na kimo cha 24, mtu husogea karibu na kuanza kutembea pembeni polepole, na ndivyo zinavyopaswa kutazamwa. Nimeanza pia kuigeuza kamera wima, jambo ambalo wenzangu kadhaa hulicheka. Ngazi, lifti, mtu anayening'iniza nguo ghorofani huku mwingine akipita chini yake: nafasi ya kati ipo huko pia, ila inakwenda juu, na uzito wa ardhi hubadilisha kila kitu, kwa sababu kilicho juu huonekana kana kwamba kinaweza kuanguka. Bado sijui nisome vipi picha ya namna hiyo, kutoka chini au kutoka juu. Filamu iliyomo ndani sasa nimeiwekea sharti kwamba picha zote ziwe za wima, na kihesabio kinaonyesha 14.