Dar hadi Mikumi: malori umeyaweka wapi?

Kwenye daftari safari ya kwenda Hifadhi ya Mikumi ilikuwa nyepesi. Dar es Salaam hadi Mikumi mjini ni kama kilomita 300, gari linatembea 80 kwa saa, basi ndani ya saa nne tumefika. Shemeji alisoma hesabu yangu, akageuza ukurasa kutafuta kama kuna nyingine, kisha akauliza, "Shem, malori umeyaweka wapi humu?"

Sikuwa nimeyaweka. Ukishapita Kibaha zile njia nane zinakwisha, unabaki na moja ya kwenda na moja ya kurudi, na mbele yako kuna tela lenye kontena la Zambia au Kongo linapanda mlima kama linahurumia barabara. Halafu kuna vijiji. Kibao cha 50 kinaanza, na ukijisahau kidogo tu askari ameshakupiga tochi ya kupima mwendo: faini elfu 30 imekwenda, na robo saa ya kusimama juani juu yake. Tukafuta 80, tukaandika 50. Zikawa saa sita za njia. Kutoka nyumbani saa 10 alfajiri, ili Kimara na Mbezi tuzipite watu bado wamelala.

Tulibishana zaidi kuhusu kuingia hifadhini. Mimi nilitaka siku ileile ya kufika, yeye akasema kuingia saa sita mchana ni kuchoma hela, wanyama wote wako vivulini. Alikuwa sahihi, ingawa sikumwambia. Tukapanga kulala Mikumi mjini, tuingie asubuhi lango linapofunguliwa. Mwezi tulichagua Septemba bila ubishi: gari letu ni dogo na liko chini, na udongo mweusi wa bonde la Mkata ukilowa hauachii tairi. Fedha taslimu hazipokelewi langoni, kwa hiyo kadi ya benki ikatangulia mkobani kabla ya nguo.

Ijumaa jioni nikapeleka gari kwa fundi abadilishe oili. Akauliza spea niliiangalia lini mara ya mwisho. Nikacheka. Akaitoa chini ya buti, akaikandamiza kwa kidole gumba, ikabonyea kama andazi. Jeki ilikuwepo, mpini wake haukuwepo. Miaka miwili nimezunguka mjini na spea ya mapambo.

Tulitoka saa 10 na nusu (kuna mtu alirudi ndani kuchukua chaja, simtaji). Jua lilitukuta Chalinze, kwenye njia panda ya kwenda Tanga, na chai tulikunywa Morogoro, Uluguru ikiwa imejifunika mawingu mpaka mabegani.

Baada ya Doma barabara kuu inaingia hifadhini yenyewe, takriban kilomita 50 za lami katikati ya mbuga. Kuna kibao kinachoorodhesha faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake kama menyu. Hapo hata malori yanapoa. Lililokuwa mbele yetu likawasha taa za tahadhari, likasimama. Tembo sita walikuwa wanavuka, mtoto katikati, hatua za mtu asiye na miadi. Wa mwisho alisimama juu ya mstari mweupe, akalitazama lori, akapeperusha masikio mara moja, akaendelea. Dereva wa lori alizima injini kabisa. Hakuna aliyepiga honi.

Kesho yake tuliingia kwa kibali, tangu alfajiri mpaka saa sita. Twiga, pundamilia, nyumbu, viboko wakikoroma bwawani. Tembo, hakuna hata mmoja.

Kurudi, kabla ya Chalinze, tulikwama nyuma ya lori la mafuta kwa dakika 40. Shemeji akafungua daftari langu, akatafuta ukurasa wa hesabu, akaomba kalamu.